Grace Ogot: Mkunga, Mwalimu na Msimulizi wa Nam Lolwe

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, si kila achezaye kwao hutunzwa kwa kadiri ya uchezaji wake. Katika madarasa ya fasihi ya Afrika Mashariki, majina ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Okot p'Bitek hutajwa kila muhula, kazi zao huchambuliwa, na mitihani hutungwa juu yazo. Jina la Grace Ogot nalo hutajwa, lakini mara nyingi kwa sentensi moja tu: kwamba alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuandika riwaya katika eneo hili. Baada ya sentensi hiyo, ukurasa hufunguliwa mwingine.

Mwanamke huyu alikuwa zaidi ya utangulizi wa sura. Alikuwa zao la shule za wasichana za Nyanza, akawa mkunga, mtangazaji, mkuu wa chuo cha mafunzo ya wanawake mjini Kisumu, mwandishi wa riwaya na hadithi fupi, mbunge na waziri msaidizi. Zaidi ya hayo yote, alikuwa mwandishi ambaye, baada ya kusifiwa kwa kuandika Kiingereza, aliigeukia lugha ya mama yake kwa hiari. Jambo hili la mwisho ndilo linalomhusu kwa karibu mwanafunzi wa Kiswahili. Makala haya yanayafuata maisha yake tangu Asembo hadi mauti yalipomfika mwaka 2015.

Kuzaliwa na malezi

Grace Emily Akinyi alizaliwa tarehe 15 Mei 1930 katika eneo la Asembo, lililokuwa wakati huo sehemu ya Nyanza ya Kati na ambalo leo limo katika Kaunti ya Siaya. Akinyi ni jina apewalo mtoto wa kike aliyezaliwa asubuhi, na kwa hiyo jina lake la kwanza la Kijaluo lilikuwa tayari ni habari fupi ya kuzaliwa kwake. Asembo ni nchi iliyo kando ya ziwa. Ulimwengu unaliita ziwa hilo Viktoria, kwa jina la malkia ambaye hakupata kuliona. Wenyeji wanaliita Nam Lolwe. Ziwa hilo, pamoja na wavuvi wake, mvua zake na viumbe wa kutisha wanaosemekana kuishi ndani yake, lingekuja kuwa mandhari ya kazi nyingi za Ogot.

Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Asembo kupata elimu ya kizungu. Aliingia katika dini ya Kikristo kwa madhehebu ya Kianglikana, akawa mwalimu, na akafundisha katika Shule ya Wasichana ya Ng'iya. Nyumbani, alimsomea binti yake hadithi za Agano la Kale. Kwa upande mwingine alikuwepo bibi yake, hazina ya ngano na visasili vya Wajaluo. Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa na misahafu miwili: mmoja ulioandikwa kwa wino na mwingine uliohifadhiwa kifuani. Katika mmoja, Ibrahimu aliambiwa amtoe mwanawe kafara, na mkono wake ukazuiwa. Katika mwingine, mtemi aliambiwa amtoe binti yake kafara ili mvua inyeshe. Si vigumu kuona jinsi hadithi hizo zilivyoweza kukutana katika akili ya msichana mmoja na kuzaa swali moja.

Malezi hayo ndiyo ufunguo wa kumwelewa Ogot. Wako wasomi wa kizazi chake waliofunzwa kwamba kuwa Mkristo ni kuvipa kisogo visa vya wahenga. Wako wengine waliodhani kwamba kuvienzi visa hivyo ni lazima mtu aitupe Biblia. Ogot hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alibaki muumini maisha yake yote, na maisha yake yote aliandika juu ya waganga, mizimu, kafara na laana, bila kuomba radhi.

Ng'iya na Butere

Elimu yake ya mwanzo aliipata Ng'iya, kisha akaenda Butere. Shule zote mbili ziliasisiwa na wamisionari wa CMS. Inafaa kukumbuka jinsi shule hizo zilivyokuwa muhimu kwa wasichana wa magharibi mwa Kenya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wavulana walikuwa na Maseno na shule nyinginezo zilizowaandaa kuwa makarani, walimu na, baadaye, watawala. Wasichana walikuwa na nafasi chache, na hata hizo chache mara nyingi zililenga kuwaandaa kuwa wake wema wa walimu na makasisi. Mzazi aliyempeleka binti shuleni alikabiliwa na maswali ya majirani: mahari itakuwaje, na nani atachota maji na kuteka kuni?

Hata hivyo, shule hizo zilitoa matunda ambayo waasisi wake huenda hawakuyatarajia. Ng'iya peke yake ilimlea Grace Ogot na pia Grace Onyango, aliyezaliwa mwaka 1924, akawa mwalimu, kisha meya wa Kisumu mwaka 1965, na katika uchaguzi wa mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Kenya. Onyango aliaga dunia mwaka 2023. Wanawake hawa wawili wenye jina moja walipitia milango ileile, wakatokea kwenye ukumbi uleule wa Bunge kwa nyakati tofauti. Anayetaka kuandika historia ya uongozi wa wanawake nchini Kenya hawezi kuipita Ng'iya bila kubisha hodi.

Mengo na London

Mwaka 1949 Grace alivuka mpaka kwenda Uganda, akaanza masomo ya uuguzi katika hospitali ya Mengo, Kampala, ambayo daktari mmisionari Albert Cook aliianzisha mwaka 1897. Alihitimu mwaka 1953. Baadaye alikwenda Uingereza kuendelea na mafunzo ya ukunga mjini London.

London ilimpa kazi ya pili ambayo hakuisomea. Kati ya mwaka 1955 na 1958 alifanya kazi katika idhaa ya ng'ambo ya BBC akiandika miswada na kutangaza katika kipindi kilichoelekezwa kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki na Kati. Redio ni chombo kinachodai sentensi isikike kabla ya kusomwa. Mwandishi wa redio hujifunza haraka kwamba neno lisiloeleweka mara ya kwanza limepotea, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma kulitafuta. Wahakiki waliowahi kuulaumu mtindo wa Ogot kuwa ni mwepesi mno wangefaa kukumbuka shule hii ya sauti. Sentensi zake fupi na usimulizi wake wa moja kwa moja ni wa mtu aliyekulia kwenye masimulizi ya bibi na kukomaa mbele ya kinasa sauti.

Ni katika miaka hiyo pia ndipo uhusiano wake na Bethwell Allan Ogot ulipokua kwa njia ya barua. Bethwell, mzaliwa wa Gem na mwanafunzi wa zamani wa Maseno na Makerere, alikuwa masomoni katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland. Inasimuliwa kuwa ni yeye aliyeona katika barua za Grace ufundi wa lugha usio wa kawaida, akamhimiza aandike. Walifunga ndoa mwaka 1959 na kujaliwa watoto wanne. Bethwell alikuja kuwa mwanahistoria mashuhuri. Kitabu chake kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini, kilichochapishwa mwaka 1967, kilijengwa juu ya masimulizi ya wazee, na kilisaidia kuthibitisha kuwa mapokeo simulizi ni ushahidi halali wa historia. Kwa hiyo katika nyumba moja palikuwa na watu wawili walioyachota masimulizi ya wahenga kutoka kisima kimoja: mume akitafuta ndani yake yaliyotukia, mke akitafuta ndani yake maana ya kuwa binadamu.

Maseno na chuo cha wanawake Kisumu

Aliporejea nyumbani, Grace alifanya kazi katika Hospitali ya Maseno mwaka 1958 na 1959 akiwa muuguzi na mkufunzi wa ukunga. Kisha akahamia Kisumu, akawa afisa wa maendeleo ya jamii na mkuu wa kituo cha mafunzo ya wanawake mjini humo. Hapa alikuwa katika mwambao wa ziwa lake tena, lakini safari hii mbele ya wanafunzi ambao wengi wao hawakupata bahati ya kupita Ng'iya wala Butere.

Wasifu mwingi wa Ogot huzipita kazi hizi kwa haraka, kana kwamba zilikuwa kituo tu cha kusubiria fasihi. Huo ni upungufu. Vituo vya aina hiyo, mwishoni mwa enzi ya ukoloni, viliwafunza wanawake wa vijijini usafi, lishe, malezi ya watoto, ushonaji na uendeshaji wa vikundi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na malengo yake katika mafunzo hayo, na si yote yaliyokuwa ya kumkomboa mwanamke. Lakini mkufunzi Mwafrika, mkunga aliyeijua Dholuo kwa undani na aliyeziona hospitali za Kampala na London, aliweza kufanya jambo ambalo mgeni hangeweza: kuzungumza na mama mjamzito kuhusu hatari za uzazi bila kuidharau hofu yake ya jicho baya.

Mgongano huo wa hospitali na mganga, dawa ya kizungu na dawa ya kienyeji, ndio uliotawala hadithi zake za mwanzo. Katika The Old White Witch, wauguzi wa Kiafrika wa hospitali ya misheni wanagoma wanapoamriwa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, kwa kuwa amri hiyo inakiuka miiko ya mila zao, na matroni mzungu hataki kusikia. Mwishowe kiongozi wa mgomo anarejea hospitalini humo akiwa mgonjwa. Hadithi haimtangazi mshindi. Aliyeiandika alikuwa amezifahamu wodi hizo kutoka pande zote mbili za kitanda, na alijua kuwa muuguzi ana heshima yake na mgonjwa ana uhai wake, na kwamba vyote viwili vinaweza kudaiwa saa ileile.

Baada ya Kisumu alifanya kazi ya uhusiano mwema katika shirika la ndege la Air India jijini Nairobi, na baadaye akawa muuguzi katika huduma ya afya ya wanafunzi wa Makerere.

Kalamu ya Kiingereza

Mwaka 1962 ulifanyika katika Chuo cha Makerere mkutano maarufu wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Walihudhuria Chinua Achebe, Wole Soyinka na wengineo kutoka magharibi na kusini mwa bara, pamoja na kijana mwanafunzi aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi. Grace Ogot alikuwapo na akasoma hadithi yake, A Year of Sacrifice. Uchache wa kazi za Afrika Mashariki zilizokuwepo mkutanoni ulimchoma moyo na kumtia ari. Hadithi hiyo ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, na baadaye ikajulikana zaidi kwa jina la The Rain Came.

Ni hadithi ya Oganda, binti pekee wa mtemi Labong'o. Ukame umeikausha nchi, na mleta mvua anatangaza kuwa wahenga wamemtaka Oganda atolewe kwa dubwana la ziwani. Jamii inashangilia kwa kuwa itaokoka. Baba analia kwa kuwa ni baba. Binti anatembea peke yake kuelekea ziwani huku kila anayekutana naye akimtakia heri. Mpenzi wake, Osinda, anamfuata na kumwokoa dakika ya mwisho. Na wakati wanapotoroka, mvua inanyesha. Je, mvua ingenyesha hata bila kafara? Je, nia ya kutoa ilitosha? Ogot hajibu. Katika mvua hiyo moja ameiacha imani ya wahenga isimame na pia ameiacha itiliwe shaka, na ni msomaji anayebaki na mzigo wa kuamua.

Safari ya kuchapisha haikuwa nyepesi. Ogot alipopeleka hadithi zake kwa shirika la uchapishaji la East African Literature Bureau, meneja wake alishindwa kuelewa ni vipi mwanamke Mkristo angeweza kuandika juu ya kafara na uganga badala ya kuandika mambo ya kuadilisha. Alikuwa akihukumiwa kwa makosa mawili yasiyoandikwa katika sheria yoyote: kwamba ni mwanamke, na kwamba ni Mkristo asiyewaonea haya babu zake.

Mwaka 1966 shirika la East African Publishing House lilimtolea riwaya yake ya kwanza, The Promised Land. Ni mwaka uleule ambao Flora Nwapa wa Nigeria alichapisha Efuru, na ambao shirika hilohilo la Nairobi lilitoa Song of Lawino ya Okot p'Bitek. Riwaya ya Ogot inawahusu Ochola na mkewe Nyapol, wanaouacha uluoni na kuhamia Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba. Wanafanikiwa, lakini jirani mwenye husuda anamroga Ochola, mwili wake unaota miiba, hospitali inashindwa, na hatimaye ni mganga anayemponya kwa sharti la kuiacha nchi ile. Nyapol aliona hatari tangu mwanzo, akasema, asisikilizwe. Ndiye mwenye hekima katika riwaya, na ndiye asiye na kura. Hapo ndipo sauti ya Ogot isikikapo kwa uwazi zaidi: hapigi kelele za utetezi, bali anaonyesha gharama ambayo nyumba nzima hulipa mwanamke asiposikizwa.

Kazi nyingine zilifuata. Land Without Thunder, mkusanyiko wa hadithi fupi, ulitoka mwaka 1968, ukiwa na hadithi za kale na za mjini pia, kama ile ya Elizabeth, karani msichana anayenajisiwa na mwajiri wake na kuuchukua uhai wake mwenyewe. Katika miaka ya 1960 ni waandishi wachache waliothubutu kuigusa dhuluma hiyo ya ofisini. The Other Woman ilitoka mwaka 1976. Mwaka 1980 zilitoka The Graduate na The Island of Tears. Hadithi iliyoupa mkusanyiko huu wa pili jina lake inahusu maombolezo ya Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwezi Julai 1969 na kuzikwa katika kisiwa cha Rusinga. The Graduate nayo ina mhusika wa ajabu kwa wakati wake: Juanina Karungaru, mwanamke aliye waziri. Kenya halisi ilisubiri hadi mwaka 1995, alipoteuliwa Nyiva Mwendwa, kumpata waziri kamili wa kwanza mwanamke. Kalamu ilitangulia taifa kwa miaka 15.

Kuirejea Dholuo

Riwaya ya kwanza ilipozinduliwa, mama yake Grace alifurahi pamoja na waliofurahi, lakini akamwachia bintiye neno zito: kwamba laiti angeandika kwa Dholuo, angewatumikia watu wake vema zaidi. Mama hakusema hivyo kwa nadharia. Alisema kama mtu aliyeshika mikononi kitabu kilichojaa visa vya kwao, asiweze kukisoma. Ngano zilizotoka kinywani mwa bibi zilikuwa zimepita London na Nairobi, zikavalishwa jalada, na ziliporudi nyumbani zilikuwa zimeisahau lugha ya nyumbani.

Ilimchukua Grace muda kulitimiza neno hilo, lakini alilitimiza. Mwaka 1981 alitoa Ber Wat, jina lenye maana ya uzuri wa udugu, pamoja na Aloo Kod Apul-Apul. Mwaka 1983 zikafuata Miaha na Simbi Nyaima. Hii ya mwisho inatokana na kisasili cha ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay: kijiji kilimnyima hifadhi bikizee mgeni, na kwa ukatili huo kikagharikishwa na maji. Miaha, maana yake bi harusi, inamhusu Nyawir, mke mgeni anayevunja mwiko wa jembe takatifu. Kabla yake, jembe lililima lenyewe; baada yake, binadamu akahukumiwa kula kwa jasho. Yeyote aliyesikia habari za bustani ya Edeni atayatambua mapacha hayo ya visa, na atakumbuka tena ile misahafu miwili ya Asembo. Okoth Okombo, mwanaisimu, aliitafsiri riwaya hiyo kwa Kiingereza kwa jina la The Strange Bride, mwaka 1989. Safari hii mwelekeo ulikuwa sahihi: kitabu kilianzia nyumbani, kisha kikatembea ugenini.

Mjadala wa lugha ya fasihi ya Kiafrika hufundishwa vyuoni kana kwamba ulikuwa wa mtu mmoja. Ni kweli kuwa Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, aliupa mjadala huo hoja zake kali, na riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilitoka mwaka 1980. Ni kweli pia kuwa Okot alimtunga Lawino wake kwa Kiacholi kwanza, lugha iliyo dada ya Dholuo. Ila Ogot naye alikuwa uwanjani mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, bila ilani wala majibizano, akichapisha kazi moja baada ya nyingine kwa lugha ya mama. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kuikwepa: alimwandikia msomaji aliyekuwa hai na aliyekuwa amemwomba.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, funzo hili lina ncha mbili. Kiswahili nacho kimepiganiwa dhidi ya ubwana wa Kiingereza, na wapiganiaji wake hufurahia kumtaja kila mwandishi aliyekiacha Kiingereza. Lakini Ogot hakukimbilia Kiswahili; alikimbilia Dholuo. Swali analowaachia wataalamu wa Kiswahili ni iwapo lugha hii ya taifa itakuwa daraja la kuzifikisha Miaha na Simbi Nyaima kwa Mdigo, Mmeru na Mnandi, au itakuwa bwana mpya atakayezikalia lugha ndogo mahali palepale alipozikalia Mwingereza. Jibu la vitendo limo mikononi mwa wafasiri. Kumpitishia Nyawir katika Kiingereza ndipo afike Mombasa ni kuzunguka mbuyu.

Bungeni

Jina la Ogot lilikuwa tayari limevuka mipaka alipoingia siasani. Alikuwa mjumbe wa Kenya katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1975 na katika UNESCO mwaka 1976, na alikuwa miongoni mwa waasisi na viongozi wa chama cha waandishi wa Kenya. Mwaka 1983 aliteuliwa kuwa mbunge. Mwaka 1985, baada ya mbunge wa Gem, Horace Ongili Owiti, kuuawa, Ogot alikiacha kiti cha kuteuliwa, akagombea katika uchaguzi mdogo na kushinda. Alirejea tena bungeni mwaka 1988. Alihudumu pia akiwa Waziri Msaidizi wa Utamaduni na Huduma za Jamii katika serikali ya Rais Daniel arap Moi, miongoni mwa wanawake wachache mno waliofikia ngazi hiyo wakati huo.

Hapa wasifu wake hauna budi kusomwa kwa macho mawili. Kwa jicho moja, mwanamke wa Asembo, aliyeolewa Gem, aliomba kura kwa jina lake mwenyewe na akapewa, katika zama ambazo siasa ya Nyanza ilikuwa ya wazee wa kiume. Kwa jicho la pili, serikali aliyoitumikia ndiyo iliyowatia kizuizini wahadhiri na waandishi. Alamin Mazrui, mwandishi wa Kiswahili, alizuiliwa mwaka 1982, na mwaka huohuo Ngũgĩ akalazimika kuishi uhamishoni. Uchaguzi wa mwaka 1988, kwa mtindo wa mlolongo, umebaki katika historia kuwa miongoni mwa chaguzi zilizolalamikiwa zaidi nchini. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza mwandishi aliketije katika serikali iliyowafunga waandishi. Ana haki vilevile ya kukumbuka kwamba aliyewahi kuongoza kituo cha wanawake Kisumu aliijua serikali kwa sura nyingine: kama mlango wa kupitishia zahanati, shule na maji. Ogot aliamini katika kufanya kazi kutoka ndani. Kuamini hivyo kuna gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo huenda ndiyo ule ukimya wa wahakiki wengi kumhusu. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992 ulipokuja, wimbi jipya la upinzani liliifunika Nyanza, na ukurasa wake wa Bunge ukafungwa.

Miaka ya mwisho

Baada ya siasa alirejea kwenye maisha ya utulivu zaidi na kwenye kalamu. Mumewe aliendelea na kazi ya uanazuoni, ikiwemo katika Chuo Kikuu cha Maseno, kilichokua mahali palepale ambapo Grace aliwahi kuwafundisha wakunga. Mwaka 2012 ilitoka tawasifu yake, Days of My Life, iliyochapishwa na Anyange Press ya Kisumu. Kwamba mwandishi ambaye baadhi ya vitabu vyake vilikuwa vimechapishwa na mashirika makubwa ya Nairobi aliyakabidhi maisha yake kwa mchapishaji wa mji wa ziwani ni jambo dogo, lakini linaafikiana na mwelekeo wa maisha yake yote: kwenda mbali, kisha kurudi.

Grace Ogot aliaga dunia jijini Nairobi tarehe 18 Machi 2015, akiwa na umri wa miaka 84. Bethwell alimfuata tarehe 30 Januari 2025.

Hitimisho

Urithi wa Ogot unaonekana waziwazi Asembo kwenyewe. Margaret Ogola, daktari na mwandishi wa The River and the Source, riwaya iliyotoka mwaka 1994 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari, alizaliwa huko mwaka 1958, na akafariki mwaka 2011. Wanawake wawili wa eneo moja, wote wawili watu wa hospitali, wote wawili waandishi waliowaweka wanawake katikati ya hadithi ya jamii yao. Wa kwanza alifyeka njia palipokuwa na kichaka. Wa pili aliipita njia hiyo ikiwa tayari ina nyayo.

Chuo kinaweza kumkumbuka marehemu kwa kumtundikia picha ukutani. Mwandishi hukumbukwa kwa njia moja tu, nayo ni kusomwa. Vitabu vya Dholuo vya Grace Ogot vinangoja wasomaji wake, na vinangoja pia wafasiri wa Kiswahili watakaovitoa moja kwa moja katika lugha aliyoitunga. Mama yake alimwomba neno moja, naye akalitimiza akiwa ameshavuka umri wa miaka 50, akiwa na sifa ambazo zingemtosha mtu mwingine kustarehe. Deni lililobaki si lake tena.